Jora Moja

Anayetaka kumjua fundi cherehani asimpelekee kitambaa cha harusi. Gauni la harusi liko peke yake, halina ndugu wa kulinganishwa naye. Mshono ukipinda, maua yataufunika, na pale mkasi ulipoteleza patawekwa shanga. Mpelekee kitambaa cha rangi moja, kisicho na ua wala mstari, umwambie akushonee mashati matano yanayofanana. Akimaliza, yatundike yote kwenye kamba ya kuanikia, urudi nyuma hatua chache utazame. Utaona kama mfuko wa shati la tatu umepanda nusu inchi, kama kola ya la nne imechongoka kuliko ya la pili, kama la mwisho lilishonwa usiku fundi akiwa na usingizi. Kubuni mtindo mpya kunampatia fundi sifa na picha za simu. Kushona kitu kile kile mara tano, na mara zote tano kikatoka vile vile, hakuna anayempigia vigelegele, ingawa huo ndio ufundi wenyewe.

Nausifu ufundi huo kwa sababu nauvaa. Kwa miaka kadhaa sasa nakwenda kazini na vazi moja: shati la pamba la bluu iliyokolea, mikono inayoishia chini kidogo ya kiwiko, kola fupi ya kusimama, mifuko miwili kiunoni, chini yake sketi nyeusi iliyonyooka, inayovuka magoti, yenye mpasuo wa nyuma unaotosha kupanda basi la mwendokasi bila kuomba msaada. Jumatatu ni hilo, Alhamisi ni hilo. Wenzangu ofisini walishazoea. Walioajiriwa karibuni huuliza, kwa adabu kabisa, kama nimefiwa au nimejiunga na dhehebu.

Swali lao linachekesha ukikumbuka kwamba hii ni nchi ya sare. Mtoto anaingia darasa la kwanza na shati jeupe na sketi ya bluu. Baadaye ataingia kwaya, au jeshini, au benki, au chama, na kila mahali atakabidhiwa rangi za kuvaa. Ndugu yake akichumbiwa, kamati itakaa jioni nzima ikibishana kuhusu kitenge cha sendoff, na mwenye mwili mkubwa atalalamika kwamba wari walizogawiwa hazimtoshi. Fungua kabati la mwanamke wa Dar es Salaam uone: gauni la harusi ya binamu, gauni la kipaimara cha mtoto wa jirani, gauni la arobaini ya baba mkwe. Kila moja limevaliwa mara moja, likapigwa picha, likakunjwa. Upande wa pili wa kabati hilo hilo umekaa mtumba, wa Karume au wa Memorial ya Moshi, au wa Gikomba kwa jamaa zetu wa Nairobi. Sifa ya mtumba ni kwamba upo mmoja tu. Blauzi uliyoiwahi asubuhi balo lilipofunguliwa haina pacha wake pale sokoni. Ukiipenda ukaivaa mpaka ikachanika, ndiyo basi tena.

Kwa hiyo tunaishi kati ya nguo inayofanana na ya kila mtu na nguo isiyofanana na yoyote. Katikati pana nafasi ya mtu mmoja mwenye nguo zinazofanana zenyewe kwa zenyewe, na nafasi hiyo haijazwi na kamati wala na balo. Inajazwa na mtu mwenye cherehani.

Wanaume wa pwani waliijaza zamani. Mzee wa Lamu au wa Unguja ana kanzu zake kadhaa, zote nyeupe, na haamki akijiuliza avae nini; anauliza ipi imepigwa pasi. Tofauti zinajificha shingoni. Ipo ya mfuto, isiyo na urembo wowote, na ipo ya darizi, ambayo uzi wa hariri umetembezwa kwa mkono kuzunguka shingo na kushuka kifuani. Ajuaye kutazama anasoma hapo mfuko wa mwenye kanzu na subira ya mshonaji. Madaha mengine yote yamepandishwa kichwani, kwenye kofia za vito, zinazotobolewa na kuzungushiwa uzi tundu kwa tundu kwa miezi. Hakuna aliyewahi kumwambia mwenye kofia ya namna hiyo, "Mbona umeirudia?"

Hata kitambaa kitupu kilikuwa na wapenzi wake huku kwetu. Meli za Salem, Massachusetts, zilileta Unguja pamba isiyotiwa rangi kutoka viwanda vya New England, na biashara ikashamiri baada ya mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani. Merikani, kama kitambaa hicho kilivyoitwa, ilipanda bara na misafara hadi ikawa fedha ya njiani, ikipimwa kwa mikono na kwa jora. Wanunuzi waliijua kwa uzito wake viganjani, na iliyopungua waliirudisha. Ilihitajika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, ya 1861 hadi 1865, kuikata pamba hiyo ndipo vitambaa vya Bombay na vya Uingereza vipate mwanya. Huwakumbuka wanunuzi hao kila ninapomsikia mtu akisema kwamba Mwafrika anapenda rangi kali tu. Alipenda pia kitambaa kisicho na rangi yoyote, mradi cha leo kiwe sawa na cha jana.

Kisha wakaja viongozi wa uhuru. Kenneth Kaunda aliiongoza Zambia kuanzia 1964 hadi 1991, na koti lake la mifuko minne, lisilotaka tai, likasambaa Afrika nzima mpaka likabeba jina lake. Hadi leo, ukimwambia fundi wa hapa "nataka Kaunda," atakuuliza jambo moja tu: mikono mirefu au mifupi? Mwalimu Nyerere naye alikuwa na suti zake za kufunga vifungo mpaka shingoni, ambazo watu walizinasibisha na Chou En-lai, waziri mkuu wa China aliyekuja Dar es Salaam Juni 1965. Kwangu mimi, suti ya Kaunda ndiyo nguo ya kazi iliyofikiriwa vizuri kuliko zote katika ukanda huu. Haihitaji shati ndani. Haina bitana ya kukupika mwezi wa Februari. Inafuliwa nyumbani kwa beseni na kukauka kabla ya magharibi, na mifuko yake ni mifuko kweli, ya kutia miwani na daftari. Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, aliipiga marufuku ndani ya ukumbi, wakati ambapo Rais William Ruto mwenyewe alikuwa akionekana nayo mara kwa mara. Wabunge wakarudi kwenye tai. Hasara ni yao.

Zaire ilikwenda mkondo mwingine. Mobutu aliipiga vita suti ya Ulaya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, akawavisha maofisa abakosti, koti la kola pana lisilo na tai, na ruhusa ya kufunga tai haikurudi mpaka Aprili 1990. Kimshono, abakosti na Kaunda ni ndugu wa karibu. Lakini vazi linalompumzisha mtu aliyelichagua linamchosha aliyeamriwa kulivaa, hata kama limemkaa vizuri. Nadhani ndiyo maana sijawahi kumshauri mtu yeyote ofisini aige nifanyavyo.

Hao wote ni wanaume, na mwanaume akirudia nguo husemwa ana msimamo. Mwanamke huhesabiwa. Mwaka 2014 mtangazaji wa televisheni wa Australia, Karl Stefanovic, alifichua kwamba alikuwa amevaa suti moja ya bluu hewani karibu kila siku kwa mwaka mzima, na hakuna mtazamaji aliyegutuka. Aliyafanya hayo kwa sababu mwenzake wa kike, Lisa Wilkinson, alikuwa akiandikiwa na watazamaji kila siku kuhusu nguo zake. Hapa kwetu hesabu hiyo iliwahi kupigiwa mbiu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, marufuku ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, ianze Januari 1969, na hata kabla ya tarehe kufika vijana walishaanza kuwavamia wanawake mitaa ya Kariakoo. Siku hizi yapo mabango ya picha kwenye milango ya ofisi za serikali, yakionyesha ipi inaruhusiwa na ipi imewekewa alama ya mkasi. Asubuhi ya mwanamke anayekwenda kazini imejaa macho kabla hajatoka chumbani. Ndiyo maana habari iliyonigusa kuliko zote haikuwa ya rais wala ya tajiri. Ni ya Matilda Kahl, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya matangazo New York, ambaye mwaka 2015 aliandika kwamba alinunua mashati 15 ya hariri meupe na suruali chache nyeusi, akayafanya hayo kuwa nguo zake za kazi. Alichoka, kwa maneno mengine, kufanya kazi mbili huku akilipwa moja.

Yeye aliingia dukani akayakuta mashati 15 yanayolingana yakimsubiri. Wengi wetu hatuna duka hilo, na shukrani kwa Mungu.

Najua hoja inayopendwa siku hizi na walimu wa mafanikio: kwamba ukipunguza uamuzi mdogo mdogo, ubongo unabaki na nguvu kwa mambo makubwa. Wanamtaja Barack Obama, aliyeeleza mwaka 2012 kwamba anavaa suti za kijivu au za bluu tu. Wanamtaja Steve Jobs na fulana zake nyeusi za shingo ndefu, ingawa hawamalizii kisa chenyewe. Jobs alikwenda Japani miaka ya 1980, akapendezwa na sare za wafanyakazi wa Sony, akamwomba mbunifu Issey Miyake awaundie watu wa Apple kizibao chao. Aliporudi na wazo hilo, wakamzomea. Sare ya wote ilipokataliwa, akabaki na yake peke yake, na Miyake akamtengenezea fulana za kumtosha maisha. Ama nadharia yenyewe ya utashi unaochoka ukitumika, mwaka 2016 maabara 23 zilirudia jaribio lake kwa watu zaidi ya 2,000 na hazikuambulia kitu cha maana. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba shati langu limeniongezea akili. Nikifika mezani asubuhi bado naandika upuuzi kama kawaida.

Sababu yangu ni ndogo kuliko hiyo. Asubuhi ndiyo saa mbaya kuliko zote ya kuchagua nguo. Una haraka, umeme pengine umekatika, uji unafurika jikoni, na kioo kina maneno. Mimi nilizikusanya asubuhi hizo zote nikazipeleka kwenye alasiri moja, mchana mweupe, nikiwa nimeshiba, nimekaa kwenye benchi la kibarazani huko Magomeni, na mbele yangu yupo mzee aliyeanza kukanyaga Singer kabla sijazaliwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Leo umeleta nini?"

Nikamwambia mashati matano.

"Ya watu wangapi?"

"Ya kwangu."

Akavua miwani. "Kuna shughuli?"

Nilipomweleza hakuna shughuli, ni kazi tu, alikishika kitambaa akakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akakivuta kwa urefu, akakivuta kwa hanamu, akakinusa. "Rangi hii itakuchosha."

"Acha inichoshe, fundi. Nitakuwa nimechoshwa na kitu kimoja."

Hakucheka. Aliniuliza nimenunua kiasi gani, na kutoka wapi, na kama kimetoka jora moja. Swali la jora nililijibu kwa fahari, kwa sababu muuzaji wa Mtaa wa Uhuru, pale Kariakoo, alishanionya: bluu ya jora hili na bluu ya jora lile, hata zikitoka kiwanda kimoja, hazikupikwa kwenye pipa moja la rangi. Zikiwa kwenye rafu hutaona tofauti. Zishone nguo mbili, zivae wiki moja moja, zifue kwa sabuni ile ile, na baada ya muda mfupi moja itaelekea zambarau na nyingine kijivu. Anayetaka nguo zizeeke pamoja anunue vipande vya siku moja. Kitenge nilikiacha kwa sababu hiyo hiyo, pamoja na mapenzi yangu yote kwake: ua lililopo dukani leo halitakuwepo ukirudi. Tetroni nayo haijikunji na haipauki upesi, lakini Machi ya Dar es Salaam ndani ya tetroni ni adhabu. Kitani kinapendeza hadi Kimara. Ukishuka Kivukoni unaonekana umelala nacho. Pamba nzito kiasi, iliyofumwa kwa kubana, inajikunja kidogo na kupumua sana. Hapo tulikubaliana.

Kisha akanirudisha nyumbani. Pamba ambayo haijaonja maji inakubali kipimo chochote, halafu ikifuliwa inajivuta na kukuacha na kifungo kisichofika tundu lake. Niliagizwa nikiloweke usiku kucha, nikianike kivulini, nikipige pasi kikiwa bado na unyevu, ndipo nikilete. Mafundi wengi wameacha kudai hivyo kwa sababu wateja hawana subira. Yeye hudai, na ambaye hakulowesha husubiri nje ya foleni.

Siku ya kupima ndipo nilipoelewa nimefika kwa nani. Alizungusha futi kamba mabegani, kifuani, kiunoni, nyongani, kama kila fundi. Halafu akaniambia nikae, akapima tena. Halafu akasema, "Shika bomba," nikainua mkono juu kana kwamba nimo ndani ya daladala, naye akatazama pembeni mwa fulana yangu ilivyokuwa ikipanda. Wengi tunadhani kwapa pana ndilo linaloupa mkono nafasi. Mambo yako kinyume. Kwapa likikatwa chini sana, ukiinua mkono shati zima linapanda nawe na tumbo linaona jua. Likikatwa juu, karibu na mwili, mkono unakwenda peke yake na shati linabaki mahali pake. Kwapa la juu ni gumu kushona, maana kichwa cha mkono huwa kirefu kidogo kuliko tundu la bega, na ziada hiyo lazima iingizwe polepole, kwa ncha za vidole, mpaka ipotee bila kuacha mkunjo. Katika shati zima hapo ndipo panaposhindwa wengi. Mashati ya dukani hulikwepa tatizo kwa kupanua kila kitu.

Shati la kwanza alilishona kwa kitambaa cha bei ya chini, akanipa nikalivae. Nivae niende nalo kazini, nipande nalo gari, nile nalo, nijinyooshe kuchukua faili juu ya kabati, kisha nirudi na malalamiko. Nilirudi nayo: kola inagusa kidevu nikiinama kusoma, mfuko wa kulia unakunja simu, kifungo cha pili kimekaa pale pasipotakiwa pafunguke. Kila lalamiko aliliandika kwa penseli moja kwa moja kwenye pateni, ile karatasi ngumu ya kaki ya kukatia. Alipunguza robo inchi hapa, akashusha nusu pale, akaifuta na kuirudisha. Ikawa na michoro mingi kuliko kitabu cha hesabu. Nilipoiona imetundikwa ukutani kwa msumari nilifahamu kwamba sare yangu ni ile karatasi. Mashati ni nakala zake.

Sikuyaona yakikatwa yote, ila niliyoyaona yanatosha. Hakupanga kitambaa tabaka tano akapitisha mkasi mara moja. Kitambaa cha chini hukimbia, na shati la tano hutoka pana kuliko la kwanza. Alikata tabaka mbili mbili, vipande vyote vikielekea upande mmoja wa uzi. Kola zote alizishona siku moja. Mifuko yote siku nyingine. Nilimuuliza kwa nini asimalize shati moja kwanza, akasema mkono wa Jumanne haufanani na mkono wa Ijumaa, basi kola zote zipate mkono wa Jumanne. Kati ya mshono na mshono palikuwa na pasi, ya mkaa, iliyokuwa ikipepewa kwa mfuniko wa sufuria. Sheria yake ni kwamba mshono usiopigwa pasi hauruhusiwi kukatishwa na mwingine. Ubavuni alikunja na kushona mara mbili ili nyuzi zisionekane hata ukiligeuza ndani nje, na nyuma ya kiuno akaacha akiba ya inchi nzima. Hakusema ya nini. Umri wangu ulimweleza.

Nilitegemea punguzo, kwa kuwa kazi ilikuwa moja mara tano. Hakunipa. Alisema shati la kwanza ni rahisi, halina la kulifuata.

Nguo za namna hii zikishakuwa kabatini, kazi inahamia kwako, ila ni kazi ya mikono isiyohitaji mawazo. Jua letu linakula rangi, kwa hiyo zinaanikwa ndani nje. Zinavaliwa kwa zamu, ya mwisho kufuliwa ikiingia nyuma ya foleni, ili zichakae kwa kasi moja. Pasi inapigwa Jumapili kwa zote, kabla wenye umeme hawajabadili nia. Mahali pa kwanza kuchoka ni ukingo wa kola, pale panaposuguana na shingo na jasho. Hapo mzee ana dawa ambayo fundi kijana huisikia kama hadithi: anafumua kola, anaigeuza, upande wa ndani unakuja nje ukiwa mpya kabisa, anaishona upya kwenye mshono ule ule. Shati linapata maisha ya pili kwa ujira wa vocha ya simu. Kola hiyo inageuzika tu ikiwa ilikatwa sawasawa pande zote mbili tangu mwanzo, yaani ikiwa fundi wa siku ile ya kwanza aliwahi kufikiria siku ya kuigeuza.

Yupo rafiki yangu anayeona haya yote ni uvivu uliopambwa. Yeye huamka nusu saa mapema ili achague, hujaribu, huvua, hujaribu tena, na hutoka nyumbani anang'aa. Sina la kumwambia. Kuchagua ni starehe yake, na mtu hapokonywi starehe yake. Na mimi sikuiacha starehe hiyo moja kwa moja, niliihamisha tu. Hereni zangu zina makelele. Kilemba hubadilika kila siku, na Ijumaa hubadilika mara mbili. Juu ya shati lisilosema kitu, kipande kidogo cha kitenge kinasikika mpaka ghorofa ya pili, na ile nguo ya sendoff iliyokuwa imelala kabatini imekatwa vilemba vitatu.

Mwaka huu jora liliisha. Nilirudi Mtaa wa Uhuru na kipande cha ndani ya mfuko, kile ambacho jua halikukifikia, muuzaji akalinganisha, akatikisa kichwa, akaleta kingine, akatikisa kichwa tena. Tulitulia kwenye bluu iliyozidi kukolea kidogo. Mzee aliipokea bila neno, akaitoa karatasi ukutani, akaiweka mbele ya binti wa ndugu yake aliyekuja kutoka Korogwe kujifunza kazi.

Nilipokwenda kuchukua alinitandazia mashati yote matano mezani. "Moja ni la huyu," alisema. "Litaje."

Niliyapanga kola kwa kola. Nilipima mifuko kwa vidole, nikanyoosha mabega, nikageuza mbavu. Vichwa vya mikono vilikuwa vimeingia vyote, bila mkunjo. Mwishowe nikaenda kwenye matundu ya vifungo, na katika shati la nne uzi ulikuwa umelala karibu karibu zaidi, kila mshono ukimgusa mwenzake, nadhifu kuliko matundu ya mzee. Macho yake si yale ya zamani. Binti alikuwa ameinamia cherehani, anatunga uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi.

"Silioni, fundi," nikasema.

"Basi atalipwa sawa na mimi."

Nikatoa pesa, na safari hiyo sikuomba nipunguziwe.